Wasopiga Hodi

Khuwair ya Kusini, Maskati
18 Januari 2024

Shangazi yangu Kheiria,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako limeacha ubishi. Sisi hatujambo. Mkewe Hamoud, Shurooq, ni mjamzito, na kaka yangu amekuwa mtu wa kununua ndizi kila siku kana kwamba atazaa yeye. Mimi bado niko kliniki ya meno, napokea wagonjwa na kuwapangia miadi. Halua ya kopo hili ni ya zafarani, kula kidogo kidogo. Barua nimeiweka chini ya karatasi, mahali petu pa siku zote, na aliyekuletea hajui kitu.

Kwenye simu nilikwambia kwamba Bibi Mazoon amefariki, ukasema inna lillahi, tukahamia kwenye bei ya karafuu. Sasa nakueleza. Alifia kwake Sidab, mkono wake ndani ya wangu, akiniuliza kama mlango umefungwa. Majirani walimzika vizuri. Walidhani wanamzika bibi kizee mwenye paka wengi, hawakujua kwamba ndiye wa mwisho katika Mabwana wa Ngazwe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijisimulia habari zetu upya. Kwamba babu zangu waliwatumikia Mabwana wa kisiwa kile kidogo kwa kazi ya giza: kuingia nyumba za watu bila ya kusikika, kusikiliza, kulinda, na kumchukua aliyetakiwa achukuliwe. Kwamba watu walituita Wasopiga Hodi na hawakututaja baada ya magharibi. Kwamba Mabwana walipopinduliwa, ukoo wetu uliwafuata mpaka huku, ukawalinda bila ya kiti wala kisiwa. Baba alitufundisha mimi na Hamoud kutembea juu ya bati lisilie, kana kwamba kesho Mabwana watarudi. Sasa hayupo hata mmoja wa kulindwa. Usiku naamka nikitaka kwenda Sidab, halafu nakumbuka. Tufanye nini, Shangazi?

Nakuuliza kwa sababu kuna jambo. Juzi bwana mmoja wa Bawshar alimleta msichana wake wa kazi ang'olewe jino. Alipotoka nje kupokea simu, yule msichana alinisikia nikisema Kiswahili, akaniambia haraka haraka, "Dada, mimi ni wa Tanga, naitwa Sikudhani. Nikimaliza kazi wananifungia juu kwa ufunguo. Mwaka wa pili huu." Bwana akarudi, naye akanyamaza. Jino lenyewe halikuwa limeoza, Shangazi. Lilikuwa limevunjwa.

Mwanao,
Nunu


Mkunazini, Unguja
11 Februari 2024

Nunu mwanangu,

Marahaba. Halua nimeila yote, usinisumbue. Goti lipo. Paka wa jirani amezalia ndani ya kabati langu la vyombo, na mimi nilivyo mjinga nimemtandikia. Mwambie Shurooq asinyanyue vitu vizito, na mwambie Hamoud kwamba mama yake alimzaa kwa muhogo na maji ya kisima, na kichwa chake kikatoka kikubwa vilevile.

Bibi Mazoon, Mungu amrehemu. Nilimwona mara ya mwisho akiwa mwari. Nimemlilia peke yangu jikoni, maana hapa hakuna wa kunipa pole bila ya kuuliza maswali.

Sasa nisikilize. Unaniuliza mfanye nini. Msifanye kitu. Asiye na bwana hana kazi, hiyo ndiyo kanuni yetu tangu mwanzo. Kamba zichome. Kile kijiti cha makufuli alichokuachia baba yako kitupe baharini. Tafuta mume, awe hata huyo daktari wa meno, uzae, unenepe, ukatembee madukani na wenzio. Nilipokuwa na umri wako nilitamani mtu aniambie maneno haya, na hakutokea.

Na huyo msichana wa Tanga, namhurumia. Lakini nyumba za watu zina wenyewe. Mpigieni simu mtu anayehusika, kisha mkae kwenu. Kazi yetu si ya wema, Nunu. Haijawahi kuwa ya wema. Usidanganywe na baba yako, alikuwa na ulimi mtamu.

Shangazi yako,
Kheiria


Khuwair ya Kusini, Maskati
30 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku ni futari na foleni za magari tu. Shurooq hafungi mwaka huu, anakula kwa niaba yetu sote. Nimekuletea kanga alizozichagua Hamoud mwenyewe, usicheke rangi.

Utakasirika, basi kasirika ukiwa umekaa. Tulimpigia simu mtu anayehusika, kama ulivyosema. Alikwenda, akanywa kahawa na bwana wa nyumba, akaambiwa msichana hana tatizo lolote, akaondoka. Bwana huyo anaitwa Safwan, ana maduka. Baada ya hapo mimi na Hamoud hatukuweza kukaa.

Nilikwenda mchana kweupe. Mwezi huu, kabla ya magharibi, kila mtaa wa Bawshar una wanawake wanaopeleka sahani kwa jirani. Nilivaa abaya na kufunika uso, nikachukua sahani ya sambusa iliyofunikwa kitambaa, nikaingia kwa geti la jikoni. Hakuna anayemsimamisha mwanamke mwenye sahani. Nikasubiri kwenye ngazi ya nje mpaka adhana. Shangazi, wakati adhana ya magharibi inasomwa, hakuna mtu Maskati anayenyanyua uso kutoka kwenye tende yake. Kufuli ya chumba cha juu niliifungua kwa kijiti cha Baba, ambacho sikukitupa. Sikudhani alitoka na abaya ya pili na sahani tupu mkononi, tukashuka wawili kama majirani waliomaliza kusalimia. Hamoud alikuwa na gari kwenye kona. Tulimfikisha ubalozini kwao, na wiki iliyopita alinitumia ujumbe kutoka Tanga kwamba amekula ugali wa mama yake mpaka ameumwa tumbo. Niliusoma nikalia kazini.

Zamani tulikuwa tunachukua watu wasirudi kwao. Huyu tumemchukua akarudi. Sijawahi kulala vizuri kama usiku ule.

Lakini nna kosa moja la kukwambia. Nilipopita mlango wa mbele, viatu vya Safwan vilikuwa kizingitini, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilivigeuza vikaelekea ndani. Ni alama yetu, Baba alitukaririsha kwamba kazi isiyo na alama ni wizi, na nimeifanya mara nyingi sana katika mazoezi. Nilipokumbuka tulikuwa tumeshafika barabara kuu. Hamoud anasema si kitu, nani atajua? Viatu ni viatu.

Wako,
Nunu


Mkunazini, Unguja
14 Aprili 2024

Nunu,

Idi imepita, nimeswali, nimekula, siwezi kusema nimefurahi. Kanga nimezipokea. Rangi ni mbaya.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwa sababu sikuweza kukaa. Sitakugombeza kwa yule msichana. Nitakugombeza kwa viatu.

Wewe umezaliwa Maskati, hujui viatu vile vilikuwa nini Ngazwe. Mtu akiamka alfajiri akakuta viatu vya mwenye nyumba vimeelekea ndani, alijua kwamba Wasopiga Hodi wameshaingia na wameshatoka, na mtu wa nyumba hiyo hayupo. Wanawake walianza kulia kabla ya kuhesabu watoto. Kuna waliohama kisiwa kwa sababu ya kiatu kilichopinduliwa na mbuzi. Hamoud anauliza nani atajua? Kila mtu wa Ngazwe aliye hai atajua, na walio hai wako hukohuko kwenu.

Niandikie upesi. Huyo Safwan, mama yake yuko? Anaitwa nani, na ni binti wa nani? Niambie si watu wa Ngazwe. Usipite mtaa ule tena, wala usimpite mtu wa nyumba ile sokoni. Nyumba iliyogeuzwa viatu haiingiwi mara ya pili. Anayerudi hukuta anasubiriwa.

Kheiria


Khuwair ya Kusini, Maskati
9 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Shurooq amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Wijdan. Ana kichwa kikubwa. Nilitaka barua hii iwe ya furaha tupu, lakini naogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilipita mtaa ule. Najua ulinikataza, barua yako ilikuwa bado haijafika. Mama yake Safwan yuko, ni mzee, anaishi nyumba hiyohiyo. Anaitwa Lamya binti Muslim. Nimewauliza wanawake niliokutana nao harusini, wakaniambia ni Mngazwe, alikuja mtoto, na mama yake mjane.

Ijumaa ya kwanza nilipopita, kizingitini palikuwa na viatu vyeupe vya kike, vya kizee, peke yake. Vimeelekea ndani. Nilijiambia ni bahati. Ijumaa ya pili vilikuwepo tena. Ya tatu Hamoud alipita, akaniambia vipo. Siku nyingine havipo, ni Ijumaa tu, wanaume wanapokuwa msikitini. Mtu ananijibu kwa alama yetu wenyewe.

Na kule juu wameleta msichana mwingine. Niliuona uso wake dirishani.

Tena mkabala na kliniki linasimama gari la kijivu, siku hizi mbili tatu. Huenda ni mtu anamsubiri mkewe. Nikisikia mlango wa lifti naangusha kalamu, mimi niliyefundishwa kutembea juu ya bati lisilie. Wagonjwa wananiuliza kama nina homa. Nimeanza kulala na viatu vyangu ndani ya chumba, asije mtu akavigeuza.

Nyumbani kwa Muslim wa Ngazwe tulimchukua nani, Shangazi? Wewe ulikuwepo. Niambie ili nijue naogopa kitu gani.

Nunu


Mkunazini, Unguja
2 Juni 2024

Nunu mwanangu,

Mungu amkuze Wijdan. Nimemshonea kofia mbili, moja kubwa zaidi kwa tahadhari. Mvua za masika zimevujisha dari langu, fundi amekuja mara mbili akanywa chai mara mbili. Yule paka amehama na wanawe bila ya kuniaga. Bi Khawla wa ghorofa ya chini ameozesha mjukuu, biryani ilikuwa na chumvi nyingi.

Acha kazi hapo kliniki, uje Unguja. Chumba kipo. Mwambie Hamoud amchukue mkewe na mtoto waende kwa wakwe zake mpaka mambo yapoe. Ukifika tutazungumza, na kama hutaki kuzungumza tutapika.

Usiende kwenye nyumba ile. Sikuombi, nakuamuru, mimi ndiye mkubwa wenu niliyebaki. Viatu vile ni mtego. Mtu aliyeumizwa na sisi hatuiti kwa heri.

Kuhusu swali lako, mimi ni mzee, mambo ya zamani yamenichanganyika.

Kheiria


Khuwair ya Kusini, Maskati
1 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kofia zote mbili zimemtosha, kwa mpigo. Joto limeshika, saa sita mchana mtaani hamna hata ndege.

Barua yako ilikatwa chini kwa mkasi. Uliandika kitu halafu ukakiondoa. Nimeupapasa ule ukingo kwa kidole changu kwa muda mrefu.

Nilikwenda, Ijumaa, wakati wa sala. Usichane karatasi, soma. Nilifikiria kuingia kwa jikoni, nikafikiria ngazi ya nje, nikafikiria paa la jirani. Kisha nikaona kwamba kama ni mtego, njia zote hizo Bi Lamya anazijua, maana amezifikiria toka alipokuwa mtoto. Basi nikaenda mlango wa mbele. Vile viatu vyeupe vilikuwepo. Kwa hofu nikasoma dua zote nizijuazo. Nikafanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyelifanya. Nikapiga hodi.

Alikuwa amekaa nyuma ya mlango. Alinijibu "Karibu" palepale.

Ni mdogo wa umbo, Shangazi, mikono yake ina hina. Aliniangalia sana, kisha akasema, "Nnakungoja tokea Ramadhani. Nlidhani hamji tena, mshakufa nyote."

Nikamwambia mimi nimekuja na sahani. Kweli nilikuwa na sahani, ya visheti. Akacheka kidogo, akasema, "Nlikuwa na miaka saba. Nlitoka mlangoni nikachezee uani, nikaona viatu vya babangu vinatazama ndani. Mimi ndo nlomwita mama aje avione. Sikujua. Nlidhani mchezo." Akachukua kisheti kimoja, hakukila. Kisha: "Maisha yangu yote, kila nyumba, naamka wa mwanzo niviangalie viatu. Mwanangu ananiona mwendawazimu. Siku ile nlivikuta vyake vimegeuzwa. Nikahesabu watoto, nikahesabu wajukuu. Wote wapo. Nikapanda juu, nikaona alochukuliwa ni yule mtoto wa watu alokuwa akilia kila siku, na mimi nnamsikia, nakaa kimya. Nikakaa pale kitandani kwake. Nikasema, kumbe wanajua kufanya na hili."

Alimwambia mwanawe kwamba msichana alitoroka mwenyewe. Kisha wakaleta mwingine, Chausiku, wa Morogoro, na Bi Lamya hana nguvu mbele ya mwanawe, wala miguu ya kupanda paa. Akaweka viatu. Ule ulikuwa wito, Shangazi, haukuwa mtego. Ufunguo wa juu alikuwa nao mfukoni, ameuiba kwenye suruali ya Safwan alipokwenda kukoga. Chausiku alitoka na mimi kwa mlango wa mbele, na sahani, na Bi Lamya akatufungulia.

Lakini usishushe pumzi bado. Gari la kijivu ni la Safwan, anakumbuka kwamba kliniki kwetu ndipo alipomwacha Sikudhani peke yake. Jirani ana kamera, ilipata picha ya mwanamke wa siku ya kwanza na gari la Hamoud nyuma yake, nambari haisomeki. Safwan amemuuliza mama yake kama anamjua mwanamke yule, kwa sababu bibi huyo anazijua familia zetu zote za huku. Bi Lamya amesema hamjui. Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mimi nnakujua, una macho ya nyumba ile. Jina lako lipo chini ya ulimi wangu. Sitaki fedha, sitaki radhi. Nnataka nijue babangu yuko wapi, nimsomee akiwa mahali. Nikijua, nitakufa na jina lako. Nisipojua, mwanangu ataniuliza tena, na mimi nimechoka kunyamaza."

Nilimwahidi. Sina nilichonacho, nimeahidi kwa kinywa chako. Kwa hiyo sasa ni mimi, na Hamoud, na Wijdan, na Chausiku ambaye bado anasubiri karatasi zake za safari, sote tumekaa kwenye neno lako moja. Sikuulizi nani alimchukua. Nakuuliza alilazwa wapi.

Nunu


Mkunazini, Unguja
20 Agosti 2024

Nunu mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilisafiri. Ndiyo, na goti hili. Khawla alidhani nakwenda kwa mganga.

Nilikwenda Ngazwe. Sikuwahi kurudi tangu tulipoondoka. Jumba la Mabwana limekuwa skuli, watoto wamechora mipira ukutani. Hakuna aliyenijua. Nilimwambia mwenye mashua kwamba nina jamaa amezikwa huku, nikaona nimesema kweli.

Mwambie Lamya hivi. Upande wa kaskazini wa kisiwa kuna tanuri la zamani la kuchomea chokaa, limebomoka nusu. Nyuma yake, upande wa kibla, pana ukuta mfupi wa mawe. Babake yuko chini ya ukuta huo, kwenye pembe ya kulia, alilazwa akielekea kibla, na alifunikwa kitambaa cheupe kabla ya mchanga. Hakuteswa. Alisoma shahada kwa sauti, mpaka mwisho. Kosa lake lilikuwa kwamba alimkatalia Bwana shamba. Mwambie yote, hata hili la shamba, usimpunguzie kwa kumhurumia. Nimemlipa kijana wa pale asafishe magugu, na nimeweka mawe mawili, la kichwa na la miguu. Akitaka kuja, nitampokea bandarini.

Usiniulize nimejuaje ni pembe ipi. Usiku ule hapakuwa na mwezi, na kazi kama ile huhitaji mtu wa kushika taa, na hupewa mtu mdogo asiye na nguvu ya kuchimba. Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya barua ile niliyoikata.

Nilikwambia asiye na bwana hana kazi. Nimeifuta kanuni hiyo. Endeleeni, wewe na Hamoud, na Wijdan akikua mfundisheni kutembea juu ya bati. Lakini alama ibadilike. Mkimtoa mtu, viatu vya mwenye nyumba vielekezeni nje. Wanaoamka asubuhi waelewe kwamba kuna aliyekwenda kwao. Na pale mnapoweza, pigeni hodi. Kwa hili umenitangulia, na sioni haya kusema.

Nilipofika kwenye ule ukuta nilivua viatu, nikaviweka vikiangalia bahari. Nilisimama muda, naogopa kama ulivyoogopa wewe mlangoni kwa Lamya. Kisha nikapiga hodi. Nimepiga mara tatu, Nunu, kwa adabu zote, na sauti ikanitoka. Hakuna aliyeniambia karibu, nami nikabaki nimesimama nje mpaka mwenye mashua akaja kuniita.

Shangazi yako, aliyeshika taa,
Kheiria